Wa Nne Hachongwi

Kikombe hiki huja kwangu kila Septemba,
kimefungwa kwa taulo la banda la mashua,
kinanuka bia na tope la mto Labe.
Babu alikinakshi, baba akakinakshi, sasa mimi,
sonara wa nyuma ya kanisa,
mwenye taa moja, tupa tatu na macho yanayochoka.

Anza hapa juu, chini ya mdomo wake:
elfu moja mia tisa ishirini na tatu.
Wanawake wanne, kila mmoja na chombo chake chembamba,
sketi zimebanwa kwa pini magotini.
Hakuna aliyepima mwendo.
Waamuzi watatu, wanaume wenye kofia,
walitembea ukingoni wakiandika alama za mkao:
mgongo wima, kiwiko kimetulia, uso usiokunjamana.
Aliyetangulia kufika akawa wa tatu.
Aliyeshinda kachongwa *Mke wa Daktari Houdek*.
Jina lake nililikuta kanisani,
kwenye daftari la ubatizo: Květoslava.
Hapa halipo.

Mwaka wa thelathini na moja ikaja saa ya kupimia.
Ludmila Trnková, mfua shuka wa hoteli,
mikono iliyozoea maji kabla ya mto,
aliwaacha wenzake urefu wa mashua tano,
na uso wake, gazeti likalalamika, ulikunjamana.
Mita elfu moja tu, nusu ya mbio za wanaume,
maana daktari wa chama alihofia vizazi vyao.
Trnková alikuwa na watoto wanne.

Sasa weka kidole gumba hapa.
Unahisi bonde?
Hapa alikaa Irma Löwyová, mshindi wa thelathini na saba.
Miaka minne baadaye alikuja mtu na karatasi yenye mhuri,
babu akachukua tupa.
Ningependa kusema alisita,
kwamba alilificha jina ndani, kwenye kitako.
Nimechungulia ndani. Hakuna kitu.
Alisugua mpaka fedha ikang'aa,
akaandika risiti. Ninayo.
Irma alipandishwa treni ya Terezín majira ya baridi,
wala hakurudi kuuliza.

Vita vilipokwisha chama kilitaka jina lirudi.
Baba alipima, akatikisa kichwa:
fedha imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu,
ncha ya patasi ingetoboa, kikombe kivuje.
Basi kila mshindi, akinywa, huambiwa ashike papo hapo.

Miaka ya hamsini, viwanda vinatangulia
na watu wanafuata kwa herufi ndogo.
Sitini na nane ni mstari mtupu:
vifaru vilikuwa darajani.
Themanini na tano, mita elfu mbili, sawa na wanaume;
hakuna kizazi kilichodondoka mtoni.
Elfu mbili na mbili mto wenyewe ulikuja kukichukua.
Tulikikuta wiki ya tatu kwenye shamba la viazi,
kimejaa tope, na chura ndani.

Mimi nilishindana mara moja, tisini na nne.
Mpiga makasia hukaa kinyume:
haoni aendako, huona atokako
na wale aliowaacha.
Mimi nilimwona mmoja tu.
Wa nne kati ya watano,
na wa nne hachongwi.
Usiku ule baba alichonga *Zdenka Vaňásková*
juu ya meza ya jikoni,
akaniomba nimshikie taa.

Mwaka huu mshindi kaja mwenyewe,
Vendula, miaka kumi na tisa, plasta kila kidole.
Kauliza bei.
Kauliza kama kialama cha juu ya S kitatosha.
Kisha akasema: niandikie Škrdlant, bila *ová* mwishoni,
hiyo mikia ni ya kueleza mimi ni wa nani.
Nikahesabu nafasi: majina mawili zaidi,
matatu nikibana,
baadaye tutahitaji kitako cha mbao.

Alikishika kikombe akinisubiri nivae miwani,
na kidole gumba kikaenda chenyewe pale bondeni,
kikazunguka, kikazunguka.
"Hapa pamelika," akasema.
Nikamwambia ni tupa ya babu yangu.
Hakujibu. Nikawasha taa,
nikaanza na V.